Shoga Ni Mwito Kabla ya Kuwa Jina

Katika sanduku langu la vitabu, hapa Sofu, limo kaunta buku moja ambalo jalada lake limeliwa na mchwa pembeni. Ndani yake zimo nyimbo za harusi nilizozinakili mwaka 1994, wakati mikorosho ya hapa ilikuwa mingi kuliko nyumba, na mtu akitaka kufika barabara ya Morogoro alikata njia katikati ya mashamba ya watu. Katika ukurasa wa saba lipo neno lililofutwa kwa wino mweusi, mara mbili, kwa nguvu, hata karatasi ikatoboka. Neno lenyewe ni shoga. Juu yake pameandikwa: mwimbaji mmoja. Mkono uliofuta ni wangu.

Naanza na kosa hilo kwa kuwa makala haya yanahusu kufutwa kwa maandishi, na si uungwana mtu kuyahesabu makosa ya serikali na kuyaruka ya kwake. Fasihi ninayokusudia kuizungumzia ni ile iliyotungwa na watu waliozaliwa wakahesabiwa wanaume, nao wakaishi, au wakatamani kuishi, kama wanawake. Pamoja na ile inayowahusu watu hao. Katika lugha za Ulaya fasihi hii sasa ina wahakiki wake na hifadhi zake. Katika Kiswahili haina rafu. Wako watakaosema haina rafu kwa kuwa haipo. Kwa maoni yangu ipo, ila tumeitafuta katika riwaya, nayo ilikuwa imekaa katika nyimbo za ndani ya ua na katika namna watu wanavyoitana.

Mwenye nyimbo zile alikuwa mgeni kutoka Mombasa, aliyekuja na jamaa za bwana harusi. Mchana alivaa kanzu. Usiku, ndani ya ua wa makuti, alijifunga leso mbili akaongoza nyimbo za kina mama. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Niliketi nje na taa ya chemli, na mama mwenye nyumba, aliyeyahurumia mapenzi yangu ya ushairi, alimwomba mgeni yule atoke kila baada ya nyimbo mbili tatu anisomee maneno. Alisoma taratibu, kwa subira ya mwalimu wa chuoni. Nilipokosea alinirudisha. Niliposhindwa kulielewa fumbo hakunifumbulia, alisema tu, “Andika mwanangu, utaelewa ukishaoa.” Kina mama walipomtaka arudi waliita kwa pamoja, “Shoga! Shoga wee!” Nami nikaandika juu ya ukurasa: Zimesomwa na Shoga. Nilidhani ndilo jina lake.

Miaka minne baadaye mhariri mmoja alikubali kuzichapa nyimbo tatu endapo neno lile litaondolewa. Sikubisha. Nilikuwa kijana asiye na cheti cha chuo chochote, na kuona jina langu limechapwa kulinipofusha. Zikatoka zikiwa za “mwimbaji mmoja.” Na kwa kuwa mwimbaji mmoja hana kwao wala hana historia, mhariri akaongeza chini yake maneno mawili ya kalamu yake: za jadi. Hivyo ndivyo mtunzi anavyouawa bila damu. Kwanza anaondolewa jina, kisha kazi yake inapewa babu zetu sote.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Unguja na Mrima kote, shoga ni neno la mwanamke kumwita mwanamke mwenzake anayempenda na kumwamini. Mwanamume hamwiti mkewe shoga, wala mke hamwiti mumewe hivyo. Mombasa neno hilohilo likawa pia la mwanamume mwenye mwenendo wa kike. Magazeti ya Bara yamelichukua kwa maana hiyo ya pili, nayo hulitumia kama kisu. Matokeo yake wasichana wa Dar es Salaam wamekimbilia kuitana shosti, na bibi zao wakiitana shoga ndani ya daladala watu hugeuza shingo.

Wahakiki na watunga kamusi hulishughulikia neno hili kama nomino inayotaja aina ya mtu, kisha hubishana ni aina ipi. Lakini sikilizeni linavyosemwa. Huja na “yangu” nyuma yake, au huja peke yake kwa sauti ya kuita. Neno la namna hii humweleza mtu ni wa nani kabla halijamweleza ni nini. Kwa hiyo napendekeza, kwa ushahidi wa sikio na wala si wa hati, kwamba mgeni wetu wa Mombasa alipoitwa shoga na wanawake wa Sofu hakuwa anatukanwa wala hakuwa anaainishwa. Alikuwa anaitwa ndani. Maana ya kisu ilikuja pale waliokuwa nje ya ua walipolisikia neno na kuligeuza jina la mtu wasiyemjua. Na mimi, na kaunta buku langu, nilikuwa mmoja wa hao waliokuwa nje.

Wageni walitangulia kuandika juu ya watu hawa. Mwaka 1977 Unni Wikan, mwanaanthropolojia wa Norway, alichapisha katika jarida la Man makala juu ya makhanithi wa Sohar, katika Oman ambayo visiwa vyetu vinaijua kwa damu na kwa mashua. Aliwaona kuwa wana nafasi yao, kati ya mwanamume na mwanamke. Mwaka uliofuata Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa, alimpinga katika jarida hilohilo, na mwaka 1987 akarudi kwa urefu zaidi akisema kwamba katika Mombasa daraja na mali huzidi mambo yote, na kwamba mtu huhesabiwa mwanamume au mwanamke kwa maumbile yake kuliko kwa mwenendo wake. Deborah Amory akaandika tena mwaka 1998 juu ya mashoga, mabasha na magai wa mwambao. Tunawashukuru. Kutokana na maandishi ya aina hii msomaji wa mbali anajua kwamba mashoga wa Mombasa walipiga pembe katika harusi za wanawake, na kwamba walikuwa mahodari wa kucheza na maneno. Ila mjadala wote uliulizia nafasi ya mtu katika jamii, na hapo uhodari wa maneno hubaki dalili ya jambo jingine. Haufikii kuwa kazi ya sanaa yenye vina, mishororo na mwenyewe.

Hilo lilikuwa letu sisi wahakiki kulifanya. Mwaka 1982 F.E.M.K. Senkoro alitoa kitabu kizima juu ya kahaba katika fasihi ya Afrika, na wala hakuna aliyefikiri kwamba profesa anafungua danguro. Shaaban Robert alimwandikia wasifu Siti binti Saad, mtoto wa maskini wa Fumba, na leo hatumwiti Siti “mwimbaji mmoja.” Njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Tulisita kuipita.

Waarabu hawakusita, na hapa naomba ruhusa ya kurudi nyuma sana. Neno letu hanithi limetoka kwao, katika mzizi wenye maana ya ulaini na kupinda. Madina ya karne ya kwanza ya Hijra ilikuwa na watu walioitwa mukhannathun, na baadhi yao walikuwa waimbaji wakubwa wa zama hizo. Tuways na al-Dalal wametajwa kwa majina, pamoja na nyimbo zao, mizaha yao na mikasa yao, katika Kitab al-Aghani cha Abu al-Faraj al-Isfahani, aliyefariki mwaka 967. Humo kimo kisa kinachonikosesha usingizi. Khalifa, na katika masimulizi mengi ni Sulayman bin Abdul-Malik aliyetawala tangu 715 hadi 717, alimwandikia gavana wake wa Madina awahesabu watu hao. Nukta moja ikaangukia juu ya herufi ha ikawa kha, na amri ya kuhesabu ikasomeka amri ya kuhasi. Wakahasiwa. Everett Rowson, aliyewachunguza mukhannathun wa Madina katika makala yake ya mwaka 1991, amevipima visa vya namna hiyo kwa mizani ya mwanahistoria, na hapana haja ya kukiamini kisa chenyewe ili kukiogopa. Sisi tuliojifunza bila mwalimu kusoma tenzi za Kiswahili katika hati za Kiarabu tunajua jinsi mwandishi mvivu anavyozitupa nukta au kuzisahau. Tena, kwa tahajia yetu ya Kilatini, kha ya khanithi imekwisha kuwa ha kavu. Nukta imeanguka, na hakuna aliyeinama kuitafuta.

Lakini sababu ya kumleta al-Isfahani hapa ni nyingine. Hakuwa mtetezi wa watu wale. Alikuwa mkusanyaji, na mkusanyaji huyo alijua kwamba wimbo una mwenyewe. Msomaji mcha Mungu anayeona haya kulisoma somo hili na akiulize kitabu hicho: je, kuandika jina la mwimbaji ni sawa na kumhalalishia kila alilolitenda?

Nije kwenye kazi ninayoijua vizuri zaidi, tafsiri. Kiswahili hakina viwakilishi viwili, kimoja cha mwanamume na kingine cha mwanamke. Tuna yeye, na tuna a- ya kitenzi, basi. Watu wengi huisifu lugha yetu kwa hilo, wakidhani kwamba imewastahi watu wote. Mfasiri haoni hivyo. Chukua Mabepari wa Venisi, ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa mwaka 1969. Portia anaingia mahakamani katika vazi la mwanasheria mwanamume, na Kiingereza kina kiwakilishi kimoja cha kumsema mbele ya wasiojua siri na kingine mbele ya wanaoijua. Katika lugha yetu siri yote imebaki katika vazi na katika miito. Na mchezaji wa kwanza wa Portia, kule London ya Shakespeare, alikuwa mvulana! Mvulana aliyevaa kama mwanamke aliyevaa kama mwanamume. Nasi tunawapitisha wote watatu chini ya a- moja.

Kwa mazoezi yangu, si kwa kuchapa, nimefasiri sura kadhaa za The Death of Vivek Oji, riwaya ya Akwaeke Emezi wa Nigeria iliyotoka mwaka 2020. Soko linaungua, na maiti ya Vivek inakutwa mlangoni kwao imefunikwa kwa kitambaa cha akwete. Mama yake, Kavita, anatafuta kujua mwanawe alikufaje, na marafiki wanajua jambo ambalo yeye halijui: kwamba Vivek alivaa magauni, alipigwa picha katika magauni hayo, na alikuwa na jina la pili, Nnemdi. Kutojua kwa mama katika Kiingereza kumekaa kwenye kiwakilishi kidogo cha herufi mbili. Niliponakili kwa Kiswahili, kiwakilishi kikayeyuka, na maumivu ya mama yakayeyuka pamoja nacho. Kiigbo nacho hakibagui katika nafsi ya tatu, kwa hiyo nilijidanganya kwa muda kwamba nakirudisha kitabu kwenye lugha ya kwao. Sivyo. Emezi ameandika kwa Kiingereza, na kisu cha Kiingereza amekitumia kwa makusudi.

Nilipata njia baada ya kumkumbuka mgeni wa mwaka 1994. Kiswahili kimeficha jinsi ya mtu katika a-, kisha kimeifichua kila mahali pengine. Mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Hakuna mfasiri awezaye kuukwepa mlango huo. Wifi ni neno la mwanamke na dada wa mumewe, hivyo mtu akikuita wifi amekwisha kukuketisha upande mmoja wa mkeka. Somo, kungwi, dada, bi, shangazi: kila mwito ni kiti. Basi nilimfanya mama aseme “kijana wangu” pale ambapo angeweza kusema “mwanangu” tu, na wasichana wale nikawafanya waseme “dada.” Mara moja, katika mazungumzo ya faragha chumbani, nikamfanya mmoja wao aseme “shoga.” Nikaliacha neno usiku kucha. Asubuhi nilipolisoma tena lilikuwa na maana zote mbili kwa mpigo mmoja, ya ua na ya kisu, na msichana anayelitamka alikuwa anaijua ya kwanza huku msomaji akiiogopa ya pili. Sijui lugha nyingine ambayo ingenipa neno hilo.

Kwa sababu hiyo siwezi kuzisifu makala nyingi za Kiswahili zinazotolewa siku hizi juu ya mambo haya na watu wenye nia njema. Zimejaa istilahi zilizopigwa chapa mezani, ndefu, ngumu, ambazo hakuna mwanamke wa Kisarawe awezaye kuziimba. Neno lisilosemeka uani halitamhifadhi mtu yeyote.

Juu ya marufuku za serikali nitasema machache, kwa kuwa wengine wamesema mengi. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilizuiwa shuleni, na baadaye wanafunzi wakaisoma darasani. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kuviondoa shuleni vitabu 16 vya watoto kwa hoja kwamba vinakiuka mila na desturi, na vitabu vya Diary of a Wimpy Kid vikiwamo. Zanzibar iliongeza adhabu katika sheria yake mwaka 2004. Marufuku ni mbaya, ila ina tabia moja inayomfaa mwanahistoria: huacha orodha. Miaka hamsini ijayo mtu atalisoma tangazo la 2023 na kuvijua vitabu vyote 16 kwa majina yake. Nani ataujua wimbo uliochapwa “za jadi”? Mei 1933 wanafunzi wa Kinazi waliivamia taasisi ya Magnus Hirschfeld mjini Berlin na siku chache baadaye wakachoma vitabu vyake hadharani. Moto ule unakumbukwa duniani kote. Lakini miaka miwili kabla yake, huko Denmark, kitabu cha maisha ya Lili Elbe kilitoka baada ya kifo chake kikiwa kimepangwa na mhariri aliyejificha nyuma ya jina la Niels Hoyer, na humo mchoraji Einar Wegener akageuzwa Andreas Sparre. Wasomi wamelazimika kuyalinganisha matoleo ya Kideni, Kijerumani na Kiingereza ili wapambanue sauti ya Lili na mkono wa mhariri. Huko angalau yapo matoleo ya kulinganisha. Mimi nina kaunta buku moja na tundu katika ukurasa wa saba.

Na hapa ndipo ninapokwama. Mgeni yule ameacha jamaa. Nikiandika jina lake halisi, ambalo nililijua siku ya tatu ya harusi, naweza kuwapelekea watoto wa ndugu zake matusi ambayo yeye mwenyewe aliyavuka kwa miguu yake. Nisipoliandika, nimefanya alichokifanya mhariri wangu. Kwa sasa nimeamua hivi: jina la kuzaliwa litabaki kwangu, na juu ya nyimbo nitarudisha neno lililokuwapo, Zimesomwa na Shoga, kwa herufi kubwa, kama nilivyoliandika kabla sijajua maana yake. Kosa la kijana asiyejua lilikuwa sahihi kuliko sahihisho la mtu mzima anayejua. Najua wako watakaoliona ni tusi. Najua pia kwamba wanawake waliomwita hivyo bado wako hai, baadhi yao, na wao ndio mashahidi wangu, si kamusi.

Mwezi uliopita nililichukua kaunta buku nikaenda kwa mama mwenye harusi ile. Sasa ni bibi, haoni vizuri, na ua wa makuti umekuwa ukuta wa tofali. Nilimsomea nyimbo zote kumi na moja. Katika wimbo wa tatu alinisimamisha, akasema kibwagizo nimekiandika kinyume, mbele nyuma, akakiimba ilivyo, mara mbili, nami nikakirekebisha kwa penseli. Tulipofika ukurasa wa saba nikasoma kama ulivyo, pamoja na maneno yale niliyoyaandika juu ya tundu. Akanyamaza kidogo.

“Mwimbaji mmoja?” akauliza. “Kwani walikuwa wangapi?”